Nyumba ya ndugu Kampala si hoteli, tena si depo

Kila vakansi kubwa inapofika, mabasi yanayotoka Mpondwe kwenda Kampala yanajaa watu wa Butembo, Beni, Oicha na Lubero. Wamoja wanakwenda kuchukua bidhaa, wengine wanasindikiza mgonjwa, lakini wengi wakiulizwa mpakani wanajibu: "Ninaenda kusalimia jamaa." Jibu hilo ni zuri. Shida ni kwamba huko Kampala, katika mambo yote ambayo mgeni anakwenda kuona, jamaa ndiye anaonwa kidogo. Anaonwa usiku, akiwa amechoka, wakati mgeni anahesabu viatu alivyonunua Owino na kuchagua picha za kuweka kwenye statu ya WhatsApp.

Safari yenyewe imekuwa nyepesi kuliko zamani. Congo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Januari 2024 Uganda iliacha kulipisha Wakongomani feza za viza. Hatari ya barabara upande wa Beni iko, kila mtu anaijua. Lakini mtu akisha kuvuka Kasindi, ni zaidi ya kilomita 400 za lami kupitia Kasese na Fort Portal, na anayepanda basi jioni anaamka Kampala. Kwa hiyo hata mtu asiyekuwa na biashara wala mgonjwa anaweza sasa kusema: twende kidogo, tuone ndugu, tuone mji, tununue na nguo za masomo za watoto.

Hakuna ubaya katika hayo. Mpaka huu ulichorwa na Wabelgiji na Waingereza bila kuuliza jamaa za pande mbili. Wanande wa Congo na Wakonzo wa Kasese wanasikilizana lugha, wanaoana, na mtu akifa upande mmoja wa mto Lubiriha, kilio kinafika upande mwingine siku ileile. Kutembeleana ni sehemu ya maisha ya huku. Lakini Kampala si Kasese. Mtu wa Kasese anamkaribisha mgeni karibu na shamba lake. Mihogo iko, ndizi ziko, kuku anazunguka uani. Jamaa wa Kampala, mara nyingi, ni mkimbizi, mchuuzi au mwanafunzi. Hana hata mgomba mmoja. Chumvi, maji, makaa, yote ananunua.

Hapo ndipo neno la kusema wazi linaanzia: anayekwenda kutembelea ndugu Kampala ajilipie ziara yake. Asiiweke juu ya mgongo wa mwenyeji.

Chumba kinachoitwa muzigo

Katika mitaa kama Katwe, Nsambya, Makindye na Ndejje, ambako Wakongomani wengi wanaishi, kuna nyumba ndefu zilizogawanywa vyumba vingi, kila jamaa mlango wake. Chumba cha namna hiyo Waganda wanakiita muzigo. Mtu wa Butembo anayesikia neno hilo kwa mara ya kwanza anacheka, kwa sababu yeye mwenyewe amefika na mizigo mitatu. Akiingia ndani anaacha kucheka. Pazia moja linatenganisha kitanda na viti. Choo ni cha wapangaji wote. Maji yananunuliwa kwa bido. Umeme unalipwa mbele, ukiisha unaisha, hata kama mgeni alikuwa bado anachaji simu mbili na batri ya ziada.

Uganda inapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1 na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na Wakongomani ni moja ya makundi makubwa kati yao. Aliye katika kambi kama Nakivale au Kyangwali anapewa kipande cha ardhi na msaada fulani, ambao nao umepunguzwa sana miaka hii. Aliyechagua kukaa mjini anajitafutia mwenyewe. Ndiyo maana mama wengi wa Kikongomani wanatembea katika Kampala na vikwembe begani, wakiuza kipande kwa kipande, huku wakichunga walinzi wa mji wanaofukuza wachuuzi wasiokuwa na ruhusa. Siku ambayo hakutoka, hakuuza. Siku ambayo hakuuza, sufuria inajua.

Sasa simu inalia: "Mama mudogo, tuko parki, tumefika watu watatu. Njoo utuchukue, hatujui njia." Wamepiga simu wakisha kufika. Mama mudogo hawezi kusema hapana. Ni watoto wa dada yake. Anaacha vikwembe kwa jirani, anakwenda.

Hesabu ya wiki mbili

Wengi hawafanyi hesabu hii, basi iwekwe hapa, kwa mfano tu. Mama huyo anapata shilingi 15,000 za Uganda siku ikiwa nzuri. Chakula, maji na makaa ya nyumba vinachukua 12,000. Wageni watatu wakiongeza 8,000 kwa siku, hata kama wanakula kidogo, kwa siku 14 ni 112,000. Aongeze siku mbili ambazo hakuuza, moja ya kuwapokea na moja ya kuwapeleka sokoni: 30,000 nyingine. Jumla ni 142,000, sawa na dola 38 hivi. Kama chumba chake analipa 150,000 kwa mwezi, wageni wamekula karibu mwezi mzima wa nyumba. Na mwenye nyumba hatamuuliza kama watoto wa dada yake walikuwa na adabu nzuri.

Mgeni hajui hayo kwa sababu mwenyeji anayaficha. Siku ya kwanza anatafuta kuku, hata kwa deni, maana ni aibu mtu atoke Butembo na usiku mzima wa safari, afike apewe maharagwe. Siku ya pili anatafuta samaki. Siku ya tatu anaanza kuzima simu mchana. Mgeni anaona kuku, anaona samaki, anarudi nyumbani akisema: "Yaya anaishi vizuri kule." Mwezi unaofuata, wageni wengine wanne wanapanda basi.

Mwisho wake ni jamaa ambazo hazipigiani tena simu. Kuna watu wa Kampala waliobadilisha namba kwa sababu hiyo, na kuna wazazi wa huku wanaosema mtoto wao "amekuwa na kiburi tangu afike Uganda." Inawezekana hana kiburi. Inawezekana ana deni la kuku watano.

Owino, Kikuubo na jina la mwenyeji

Masoko nayo yana maneno yake. Hakuna anayeweza kumzuia mtu wa Butembo kununua. Ni mji wa wafanyabiashara, watu wake wamefika Dubai na Guangzhou. Soko la St. Balikuddembe, ambalo wote wanaliita Owino, lina nguo za mtumba za kila bei. Kikuubo, ile njia nyembamba ya maduka ya jumla, ina sabuni, mafuta, biskuti na vyombo kwa bei inayomfanya mtu asahau kwamba basi lina kikomo cha mizigo na kwamba duane ya Kasindi inangojea.

Ubaya unaanza pale mwenyeji anapogeuzwa kuwa mfanyakazi bila mshahara. Yeye ndiye mkalimani wa Kiganda. Yeye ndiye mlinzi wa mifuko. Muzigo wake unakuwa depo: katoni zinapanda hadi dirishani, watoto wanalala katikati ya sabuni. Mgeni akirudi, anaacha vitu vingine nyuma: "Utanitumia kidogo kidogo." Nani atalipa usafirishaji? Hilo halisemwi.

Kubaya zaidi ni deni. Inatokea mgeni anaishiwa na feza akiwa mbele ya bei nzuri. Mwenyeji anajulikana na mwenye duka, miaka imepita akinunua kwake. Basi bidhaa zinachukuliwa kwa jina la mwenyeji, na ahadi kwamba feza zitatumwa kwa simu wiki ijayo. Huku Butembo soko linakuwa gumu, franga inashuka, mtoto anaugua. Wiki ijayo inakuwa mwezi ujao. Mwenye duka hamjui mtu wa Butembo. Anamjua huyu anayepita mbele ya mlango wake kila asubuhi. Mtu aliyejenga jina lake katika mji wa kigeni kwa miaka mitano analipoteza kwa katoni sita za watu wengine. Jina hilo ndilo lilikuwa mtaji wake, kwa sababu benki haimkopeshi na hana kiwanja cha kuweka dhamana.

Sheria hapa inapaswa kuwa fupi: mgeni anunue kwa feza alizo nazo mkononi, asafiri na vitu vyake vyote, na asitumie jina la mwenyeji dukani hata mara moja.

Kuona mji pamoja na mwenyeji

Kampala inastahili kuonwa. Kule Kasubi kuna makaburi ya wafalme wanne wa Buganda, kuanzia Mutesa wa kwanza, chini ya nyumba kubwa ya nyasi. UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2001, moto ukaiteketeza Machi 2010, na ikajengwa upya kwa kazi ya miaka mingi. Kwenye mlima wa Old Kampala kuna msikiti mkubwa ambao mgeni, akilipa kiingilio, anapanda mnara wake na kuona milima yote ya mji kwa mara moja, na makanisa ya Rubaga na Namirembe juu ya vilele vyao. Namugongo hakuna haja ya kuieleza kwa Wakatoliki wa Beni na Butembo. Kila tarehe 3 Juni wako kule, kuwakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa mwaka 1886, na wengi wanashukia kwa jamaa.

Lakini jambo la kushangaza ni hili: wenyeji wengi wa Kikongomani hawajawahi kuingia Kasubi wala kupanda mnara huo. Wamekaa miaka saba, wanaona mnara kila siku kutoka barabarani, na wana mahali pengine pa kuweka feza ya kiingilio. Mgeni anakwenda na rafiki aliyempata kwenye basi, anapiga picha, anarudi kuwaonyesha picha watoto wa nyumba, watoto ambao wanaishi kilomita tatu kutoka pale.

Ziara ya heshima ingefanya kinyume. Mgeni aweke pembeni, tangu Butembo, feza ya kumpeleka mwenyeji na watoto wake mahali pamoja. Mahali pamoja tu panatosha. Achague Jumapili, siku ambayo mama wa vikwembe hapotezi soko kubwa. Mtoto aliyezaliwa ukimbizini akisikia hadithi ya wafalme wa nchi anayosoma, na shangazi yake wa Congo akiwa pembeni, anapata kitu ambacho katoni ya biskuti haitampa. Na mwenyeji, kwa nusu siku, naye anakuwa mtu aliyetembezwa.

Chakula cha barabarani kinasaidia hapa kuliko watu wanavyofikiri. Jioni, kando ya njia, vijana wanapiga mayai pamoja na nyanya, kabichi na kitunguu, wanakaanga, wanaweka juu ya chapati, wanakunja. Hiyo ndiyo rolex, na haihusiani na saa ya mkononi. Jina lilitoka kwa mayai yaliyokunjwa. Bei yake ni shilingi elfu mbili au tatu, chini ya dola moja, na inashibisha mtu mzima. Mwenye feza kidogo zaidi anachukua kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharagwe, chakula cha wanafunzi na mafundi. Kuna gonja, ndizi ya kuchoma, na muchomo kwenye kijiti. Mwezi wa Novemba kuna nsenene, panzi wa kukaanga wanaouzwa kwa kikombe.

Mgeni akisema jioni ya kwanza, "Mama mudogo, leo usiwashe makaa, mimi ninalipa rolex za watu wote," ameondoa kuku wa deni kabla hajanunuliwa. Ameonyesha kwamba hakuja kula nyama. Kwa watu saba ni kama dola tano. Watoto wanafurahi, mwenyeji anapumua, na mgeni amejua ladha ya mji kwa kweli. Kuna wanaoona aibu kula wamesimama kando ya barabara, eti watu watasema nini. Watu wa Kampala wenyewe wanakula pale, wenye kuvaa kravati na wenye kubeba matofali.

Mgeni anarudi kama shahidi

Kuna jambo kubwa kuliko feza. Mtu akitoka Kampala, kijana wa mtaa anamuuliza: "Kule kukoje?" Jibu lake lina uzito. Kijana huyo amemaliza masomo ya sekondari, hana kazi, huenda kijiji chake kilishambuliwa, na baba yake ana kiwanja kidogo anachoweza kuuza. Mgeni akionyesha picha za maduka ya vioo na kusema yaya anaishi vizuri, kiwanja kinauzwa. Baada ya miezi mitatu kijana analala nyuma ya pazia katika muzigo uleule, anabeba mizigo Kikuubo, na kiwanja hakirudi.

Wenyeji nao wana sehemu yao katika uongo huu. Wanaopiga picha mbele ya magari ya watu na nyumba za watu, kisha wanazituma Butembo, wasishangae wageni wakija na orodha ya maombi. Aliyejionyesha tajiri ataombwa kama tajiri. Mkimbizi hana kosa kuwa maskini. Kuuza kikwembe begani ni kazi, na inalisha watoto. Picha ya kazi hiyo ingewafundisha jamaa wa huku zaidi ya maneno mengi.

Kwa hiyo aliyetembelea aseme alichokiona. Aseme kwamba chumba ni kimoja. Aseme maji ni ya kununua. Aseme pia mazuri, maana yako: kwamba watoto wanasoma, kwamba usiku watu wanalala bila kusikiliza risasi, kwamba mama mudogo ameheshimiwa na majirani zake. Anayekimbia vita atakimbia hata hivyo, na ni haki yake. Lakini anayetafuta maisha tu, apate habari za kweli kabla ya kuuza kiwanja cha baba.

"Desturi hairuhusu kumlipisha mgeni"

Wazee watapinga. Watasema kumfanya mgeni alipe ni mambo ya Wazungu, na kwamba Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inafaa isikilizwe vizuri. Inasema mwenyeji apone. Mgeni anayefaa ni yule ambaye mwenyeji anabaki na nguvu nyuma yake. Na methali nyingine, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, haikutungwa na Wazungu. Kijijini mgeni wa siku ya tatu alikwenda shambani pamoja na wengine, na jioni alikula alichosaidia kulima. Kampala hakuna jembe, kwa sababu hakuna shamba. Jembe la kule ni mfuko wa soko: siku ya tatu, mgeni auchukue, aende kununua unga, mafuta na makaa kwa feza yake, bila kungoja aombwe. Hataombwa kamwe.

Tena, desturi ya huku haikumruhusu mtu kwenda ugenini mikono mitupu. Bibi alipotembelea binti yake aliyeolewa mbali alibeba maharagwe na unga. Maharagwe ya Lubero yanafika Kampala bila kuoza, na aliyeyakosa miaka mitano atayafurahia kuliko manukato. Aliyesahau desturi hapa ni yule anayefika na sanduku tupu ili lijae wakati wa kurudi.

Basi, kabla ya vakansi hii, anayetaka kwenda apige simu wiki mbili mbele, si kutoka parki. Aulize mwenyeji kama ana nafasi, na akisikia sauti inasita, atafute chumba cha bei ndogo karibu na aje kusalimia mchana. Asikae zaidi ya siku nne au tano katika chumba kimoja. Aweke pembeni feza ya chakula chake chote, na akifika ampe mwenyeji mkononi siku ya kwanza, kwa faragha, bila kuwaita watoto washuhudie. Aende Owino peke yake au na kijana wa kulipwa. Na siku moja nzima asinunue kitu, asipige picha. Atoke asubuhi na mama mudogo, amsaidie kubeba vikwembe, atembee naye mitaa anayotembea kila siku hadi jua lizame. Ni siku hiyo ndiyo atakuwa amemtembelea.